Brashi ya Pili

Kioo cha kwanza kilikuja na jina: Khamphan, miaka sitini na mmoja,
mkulima wa mpunga, kando ya mto Chi.
Macho ya njano, daktari aliandika. Mkojo kama chai ya rangi.
Usiku ngozi humwasha, hujikuna kwa gunzi la muhindi.
Hilo la gunzi halikuandikwa. Niliambiwa na mkewe.

Mimi sishiki mpira unaopita kinywani.
Dokta Phitsamai ndiye ashukaye nao: koo, tumbo, kona ya utumbo,
mpaka kwenye chuchu ndogo inayodondosha nyongo.
Hapo huingiza waya, na juu ya waya brashi
nyembamba kama utambi,
husugua pale mfereji ulipojibana,
mbele, nyuma, mbele, nyuma, mara kumi,
kama mtu anayesafisha shingo ya chupa
asiyoiona ndani.
Kinachonasa hupakwa kiooni, huzamishwa kwenye spiriti,
huletwa kwangu.

Nikatia rangi. Nikainamia hadubini.
Seli chache, zimejikunyata,
damu tele, nyongo tele,
na kikundi kimoja pembeni, viini vyake vimenenepa kidogo.
Kidogo.
Neno hilo limeninyima usingizi kuliko saratani yenyewe.
Mfereji ulioliwa na minyoo miaka thelathini
nao hunenepesha viini;
uvimbe wa bure huvaa nguo za mwizi,
na mwizi huvaa za mwenye nyumba.
Niliandika: Zina shaka. Hazitoshi kuamua.

Mkewe, Sangwan, alikuja dirishani
na wali wa kunata katika kikapu cha mianzi.
"Mwanangu, wewe ndiye unayeangalia?"
Ndiye.
"Basi hamkuona kitu?"
Nikasema daktari atawaeleza.
"Hamkuona kitu," akasema, safari hii bila kuuliza,
akaniachia kikapu, akaenda zake,
nami sikumfuata koridoni kumwambia
kwamba kutoona si kutokuwepo,
kwamba brashi hupapasa ngozi ya juu tu
na ugonjwa huu hupenda kulala chini,
ndani ya ukuta mgumu kama kovu.
Nyongo mkalia ini, jirani wa miaka yote:
nani humshuku jirani?
Wali ule niliula. Ulikuwa bado na joto.

Wiki tatu zikapita. Bomba la plastiki lilikuwa limefungua njia,
macho yakaanza kurudi meupe, Khamphan akatangaza amepona
na akataka kwenda kuvuna.
Binti yake alimrudisha kwa vita.
Sasa walishuka na kamera ndogo zaidi, ikaingia mferejini kwenyewe,
na koleo lenye meno likang'ata mara sita:
vipande sita, kila kimoja punje ya ufuta.
Nyama husomwa na Profesa.
Mimi nilipewa brashi ya pili.

Sikuhitaji kukuza sana.
Viini vyeusi, vikubwa, havilingani,
vimepandana kama watu langoni soko linapoungua.
Nilihisi nafuu.
Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nafuu kwanza, hatimaye jibu,
kisha aibu ya nafuu hiyo, ambayo haijaondoka.

Jioni mama alikuwa na ubao magotini,
samaki wa bwawani amekatwakatwa laini,
ndimu, pilipili, majani ya mnanaa,
mbichi, vile baba alivyompenda,
vile nilivyolishwa kwa vidole kabla sijajua kusema.
Sikuhubiri. Nimehubiri miaka kumi na mmoja.
Nilichukua bakuli, nikawasha jiko,
nikamimina yote kikaangoni.

Mama akautazama moshi.
"Umemwua samaki mara ya pili," alisema.
Akala kidogo,
akichambua miiba isiyokuwepo.